Kiuno Kilichonipa Kazi

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, pole, umenikuta pabaya. Kama umekuwa nami tangu mwanzo, unajua nilivyofukuzwa duka la viatu kwa kumfungia mteja viatu viwili vya mguu wa kushoto. Unajua pia nilivyofukuzwa mapokezi ya zahanati kwa kumwita mgonjwa kwa jina la ugonjwa wake, tena kwa sauti ya kujaza ukumbi.

Wiki iliyopita nilikuachia pale nilipopata kazi kwa Mama Tepu, mwenye karakana ya kushona sare, huku tumboni nina abiria ambaye sikumtaja kwenye barua ya maombi.

Leo nakiri jinsi abiria huyo alivyojitambulisha kwa mwajiri.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Mama Tepu anashona sare za hoteli, za benki, za shule. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Mafundi wanasema anaoga nayo. Na hapendi kupima nguo kwenye sanamu.

"Sanamu haikai, haiinami, haipumui," husema. "Nguo inavaliwa na mtu, ipimwe kwa mtu."

Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kushona vifungo. Hakuniangalia usoni. Aliniangalia katikati, akanizungushia tepu kabla sijamaliza salamu, akapiga kelele kama aliyeokota pete iliyopotea.

"Ishirini na nane! Saizi ya kati kamili!"

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kufurahia kitu changu kiasi kile. Mume wangu mwenyewe, siku ya kwanza kuniona, alisifu mwavuli niliokuwa nimeazima.

Basi nikaajiriwa pamoja na kiuno changu. Asubuhi nashona vifungo, na ikifika zamu ya kupima nguo ya mfano napanda kwenye stuli, nasimama kama mnara. Mafundi wakanibatiza jina: Saizi.

Lakini kabla ya kunipa kazi, Mama Tepu alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akaniuliza swali moja.

"Mwaka jana wasichana watatu waliosimama kwenye stuli hiyo walinenepa wote, na si kwa chakula. Wewe je, una mimba?"

"Mimi?" nikasema. "Mama, mimi hata paka sifugi."

Akacheka. Nikacheka. Tukapeana mikono.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimepima siku tatu kabla, kipimo kikatoa mistari miwili. Nikasema kimeharibika, nikanunua kingine, nacho kikatoa mistari miwili. Nikawa na mistari minne na sina kazi hata moja.

Mpango wangu ulikuwa wa kitaalamu: nimalize miezi mitatu ya majaribio, nitiwe kwenye mkataba, ndipo niseme. Upande wa tumbo sikuwa nimepanga kitu. Nilidhani litanisubiri.

Wiki za mwanzo nilijitetea kwa mapafu. Nikipanda kwenye stuli navuta pumzi mpaka kitovu kinasalimiana na uti wa mgongo. Nikiulizwa jambo najibu kwa kichwa. Mafundi wakadhani nina adabu.

Wiki ya tisa ikaja oda ya hoteli: magauni arobaini ya wasichana wa mapokezi, yote saizi ya kati. Tulikuwa tumeshapima mfano, lakini hoteli ikabadilisha kitambaa.

"Hiki kizito, hakivutiki," Mama Tepu akasema. "Mzee Mkasi, mpime upya. Kila kitu."

Mzee Mkasi ndiye fundi mkataji. Ana miaka kumi na tisa mbele ya meza ile ile, na kidole gumba chake kimeota sugu kama kipande cha ndizi kavu. Anakata tabaka kumi za kitambaa kwa pamoja na zote zinatoka sawa. Mtu mpole, hasemi sana. Ukikosea kifungo anakirudisha kimya kimya kwenye kopo lako, basi.

Nikapanda stuli. Nikavuta pumzi. Mzee akazungusha tepu.

Papo hapo simu ya Mama Tepu ikaita. Akainua mkono: "Subirini, msisogee."

Tukasubiri. Alikuwa anagombana na muuza nyuzi, na muuza nyuzi naye alikuwa na maneno. Nikaona nyota. Nikaona zaidi ya nyota, nikamwona bibi yangu aliyefariki nikiwa darasa la tatu. Mwishowe pumzi ikanitoka, na inchi tatu zikatoka nayo.

"Thelathini na moja," Mzee akasoma.

Akaitazama kadi ya zamani. Akaitazama tepu. Akanitazama mimi.

"Saizi, hapa niliandika ishirini na nane."

Sasa hapa ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kama uwanja. Mtu mpole, swali la taratibu, bosi yuko kwenye simu.

Mimi nikasema, "Labda siku ile hukuona vizuri, mzee. Macho huchoka."

Maneno mawili tu, macho huchoka. Nikaona usoni pake kama mtu amezima taa ya chumba cha ndani.

Mama Tepu akamaliza simu, akaambiwa namba zimetofautiana. "Fuata mwili," akasema. "Karatasi inaweza kukosea. Mwili haudanganyi."

Hajui mwili wangu.

Magauni arobaini yakakatwa kwa inchi thelathini na moja. Mzee Mkasi jioni ile akaomba ruhusa aende kupimwa macho. Daktari akamwambia macho yako mazima. Hakukubali. Akapita kwa wauza miwani wa barabarani akachagua nzito kuliko zote, miwani iliyomfanya ajichome pini kila nusu saa na kumsalimia mwanasesere wa dirishani shikamoo.

Mafundi walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda chooni nikakaa juu ya ndoo nikalia. Halafu nikarudi nikaendelea kushona vifungo. Ujasiri wangu huishia chooni siku zote.

Tukapeleka magauni. Zikapita wiki tatu za amani. Nilibakiza siku nne nimalize majaribio.

Jumatatu, saa nne asubuhi, meneja wa hoteli akaingia karakana. Mwanamke mrefu, viatu vya kisigino, nyuma yake dereva amebeba maboksi mawili. Hakusalimia.

"Mama, mimi niliagiza sare za mapokezi au sare za kliniki?"

Mama Tepu akasimama. "Kuna nini?"

"Wageni wangu wanawapongeza wasichana! Jana mzee mmoja amempa msichana wangu kiti chake. Mgeni! Amempa mfanyakazi kiti! Magauni yote yana nafasi mbele. Wasichana wangu wote wanaonekana wana mimba ya miezi minne!"

Nikataka kumsahihisha. Siku ile nilikuwa na mitatu na nusu.

Mama Tepu akafungua boksi, akatoa gauni, akalipima kiunoni. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, isipokuwa moja.

"Nani aliyepima hii oda?" akauliza, ingawa alijua.

Mzee Mkasi akatoka nyuma ya meza yake. Akatembea taratibu akipapasa kingo za meza kwa sababu ya ile miwani. Akaweka mkasi wake mbele ya Mama Tepu, ule mkubwa wa chuma asioruhusu mtu kuugusa.

"Ni macho yangu, mama. Nilikuambia yameharibika. Usihangaike kunifukuza, mimi mwenyewe napumzika leo."

"Mzee..." Mama Tepu akaanza.

"Kazi hii haitaki kipofu."

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia kwamba nilisimama kishujaa. Ukweli ni kwamba nilisimama kwa sababu kopo la vifungo lilinidondoka, nikainuka kuvifuata vifungo vilivyokuwa vimeshaanza kukimbia. Nikajikuta katikati ya chumba na watu wote wananitazama.

"Mama," nikasema. "Si macho. Ni tumbo."

"Tumbo la nani?"

"Langu."

"Kama linakuuma nenda chooni, Saizi. Huoni tuna kikao?"

"Haliumi, mama. Limejaa."

"Umekula nini?"

Nikaona Kiswahili changu kinanisaliti. Nikafumba macho.

"Mama, nina mimba! Nilikuwa nayo siku uliponipima, nilikuwa nayo siku Mzee aliponipima. Alisoma sawasawa mara zote mbili. Ishirini na nane ilikuwa ya kweli na thelathini na moja ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyemwambia macho yamechoka."

Kwenye kona fundi mmoja asiyesikia vizuri aliendelea kushona, trrrr, mpaka mwenzake alipomgusa bega. Akageuka, akauliza kwa sauti, "Kasema nini?"

"Ana mimba!" akajibiwa.

"Ya nani?"

"Shona!"

Mama Tepu akavua tepu shingoni. Akaja. Safari hii sikuvuta pumzi. Hakukuwa tena na wa kumdanganya. Akanizungushia, akasoma, akasoma tena.

"Thelathini na tatu na nusu," akasema polepole. Kisha akainua uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama juu ya kiuno. "Siku ile kwenye kiti. Nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Mlango ulikuwa huo hapo. Ningesema sikujua, mama, nimegundua juzi tu. Nani angebisha? Wanawake wangapi hugundua wamechelewa? Ulimi wangu, ambao kwa miezi mitatu ulikuwa umeshika uongo bila jasho, ulishajipanga.

Nikamtazama Mzee Mkasi. Alikuwa bado amesimama vile vile, mkono juu ya meza, anasubiri kuambiwa kama yeye ni mzima au mgonjwa.

"Nilijua," nikasema. "Nilikuwa na siku tatu nikijua."

Mama Tepu akakaa juu ya boksi la magauni.

Aliyefuata kusema ni meneja wa hoteli, ambaye tulikuwa tumemsahau.

"Ngojeni kwanza. Maboksi haya yana magauni thelathini na nane." Alikuwa anahesabu kwa vidole hewani. "Wasichana wawili walikataa kurudisha. Walisema yao yamewakaa vizuri sana."

Tukatazamana.

"Yamewakaa vizuri," akarudia. "Vizuri sana."

Mungu wangu. Nilifungua mdomo kutoa siri yangu moja, nikatoboa na mbili za watu nisiowajua hata kwa sura.

"Meneja," nikamkimbilia, "labda ni wanene tu."

"Mmoja ni mwembamba kama waya!"

"Basi labda anapenda kupumua."

Akatoa simu kwenye mkoba. Nikaushika mkono wake, mimi, mshona vifungo, nimemshika mkono mteja mkubwa kuliko wote wa karakana.

"Tafadhali, dada. Waache waseme wenyewe. Umeniona mimi hapa nilivyosema. Unafikiri ni rahisi?"

Akautazama mkono wangu mpaka nikautoa. Akarudisha simu mkobani.

"Mimi sijasikia kitu," akasema. "Mama Tepu, wiki ijayo nataka magauni yangu thelathini na nane yana viuno." Akaondoka, visigino vinagonga sakafu mpaka nje.

Mama Tepu alibaki juu ya boksi. Nilisubiri kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kufukuzwa ndicho kitu pekee ambacho nina uzoefu nacho wa kutosha kuandika kwenye barua ya maombi.

Hakupiga kelele.

"Mimi umeniharibia kitambaa," akasema. "Kitambaa kinapunguzwa, kinashonwa upya. Lakini huyu mzee umemharibia usingizi. Kwa hiyo siamui mimi. Mzee, sema wewe. Aende au abaki?"

Mafundi wote wakamgeukia Mzee Mkasi. Mimi nikatazama sakafu, nikahesabu vifungo vilivyomwagika. Nilifika kumi na saba.

"Abaki," Mzee akasema. "Magauni thelathini na nane yanataka mikono, na mtoto wa watu atataka kula."

Nikaanza kulia kwa furaha. Nililia mapema mno.

"Mimi ndiye ninayekwenda," akamalizia.

"Mzee!" Mama Tepu akaruka. "Si umesikia? Macho yako mazima! Hukukosea!"

"Nimesikia." Alikuwa anavaa koti lake, mkono mmoja, halafu wa pili, bila haraka. "Huyu binti ana wiki kumi na tatu hapa. Alinidanganya kwa sababu aliogopa njaa, namwelewa. Mimi na wewe tuna miaka kumi na tisa. Nilipokuja kukuambia macho yangu yameharibika, hukusema hebu tupime tena, mzee. Hukusema haiwezekani, wewe hukosei. Unakumbuka ulisema nini?"

Mama Tepu akarudi kukaa juu ya boksi.

"Ulisema pole."

Akatoka. Mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Nimemwona Mama Tepu akigombana na wauza nyuzi, na mafundi wa umeme, na hata na benki. Sikuwahi kumwona amekosa la kusema. Alikaa pale tepu imelala mapajani kama ukanda uliokatika.

"Mfuate," akasema mwisho.

"Mama, nimefukuzwa au sijafukuzwa?"

"Mfuate kwanza! Na usiporudi naye, usirudi."

Nikakimbia. Sijui kama umewahi kumwona bata akikimbilia basi. Ndivyo nilivyopita mbele ya maduka, mbele ya wauza vipuri, mbele ya wasichana wa saluni waliotoka na vitana mikononi kushangaa. Mmoja akaniambia, "Dada, pole pole na huyo mtoto!" Miezi yote ya kujificha, na msichana wa saluni ameona kwa sekunde mbili.

Nilimkuta kwenye ngazi za duka la rangi. Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu sikujua pa kuanzia.

"Umeshaniamkia asubuhi."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Umeshakiri mbele ya watu, na mimi nimekubali. Rudi kazini. Usikimbie kimbie na tumbo hilo."

"Mama Tepu amesema nisirudi bila wewe."

"Hayo ni yake. Aje mwenyewe, ana miguu." Akatazama magari yakipita. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza tu ili kubadilisha mazungumzo, "Na mumeo anasemaje kuhusu haya yote?"

Hapa, msomaji, nakuomba radhi na wewe. Wiki tatu sasa mnaniuliza swali hilo hilo kwenye barua zenu, nami nimekuwa nikilizunguka. Nilikuandikia kwamba mume wangu ni fundi wa friji na kwamba yuko mji mwingine, mwezi wa tatu huu, anafunga vyumba vya baridi. Yote ni kweli. Sikuandika lililobaki.

"Hajui," nikamwambia Mzee.

Akageuka mzima mzima.

"Hajui? Yaani mimi nimejua kabla ya baba wa mtoto?"

"Wewe, Mama Tepu, mafundi sita, meneja wa hoteli, dereva wake, na sasa saluni."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akangoja, na kungoja kwake ni kama kukata kwake, hakuharakishi kitu. Mwishowe nikasema lile ambalo sikuwahi kulisema hata nikiwa peke yangu kwenye ndoo.

"Mara mbili nyuma nilimwambia mapema, mzee. Akafurahi, akanunua vitu. Na mara mbili ikabidi nimwambie tena jambo la pili. Sikutaka kuuona tena uso ule. Nikasema safari hii ngoja kwanza ikae. Halafu nikazoea kungoja."

Mtu wa duka la rangi alitoka, akatutazama, akarudi ndani.

"Haya," Mzee akasema. "Nitarudi pale kuchukua mkasi wangu. Nikishaingia, kama mama ana la kuniambia ataniambia. Lakini wewe kwanza piga simu. Hapa hapa, nikiwa nimekaa."

"Sasa hivi?"

"Umemwambia mwajiri. Huyo mwingine atakufukuza kazi gani?"

Simu yangu kitufe cha sauti kilishavunjika. Ukiongea nayo mtaa mzima unapata habari. Nikapiga. Ikaita mara moja tu.

"Mke wangu!" akasema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Afadhali umepiga. Tangu asubuhi nimeishika simu hii najipa moyo."

"Nina jambo la kukwambia," nikasema.

"Mimi kwanza. Nikikuacha uanze, nitashindwa." Nikamsikia akivuta pumzi, vile vile nilivyokuwa nikivuta mimi juu ya stuli. "Kuna jambo nimekuficha miezi mitatu hii. Uko wapi? Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa."

Mzee Mkasi akasogea, akanipa nafasi kwenye ngazi. Nilichoambiwa nitakuandikia wiki ijayo.